Wanakula na hawakui: probiotiki inaweza nini mbele ya vimelea vya utumbo wa kuku

Masika yalikuwa yameshakolea Pemba pale shangazi yangu aliponiita nikamtazamie banda lake, upande wa Konde. Alikuwa na vifaranga 100 wa kuku wa nyama, wameingia wiki ya nne. Hakuna aliyekufa. Hakukuwa na damu kwenye kinyesi. Chakula kikimiminwa wote wanakirukia. "Wanakula, mwanangu, ila hawakui," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishapiga hesabu za mfuko wa chakula.

Nilipochuchumaa kati yao nikaona alichokiona. Baadhi walikuwa wakubwa, wengine nusu yao, kama vile hawakuingia bandani siku moja. Miguu iliyotakiwa kuwa ya manjano ilikuwa imepauka. Kinyesi kilikuwa chepesi, kina utelezi wa rangi ya chungwa na vipande vya mahindi ambavyo havikusagika. Chini ya vyombo vya maji, kumvi za mpunga zilikuwa zimeshikana bumba moja zito lenye harufu ya kuchoma pua. Juu ya dirisha palikuwa na kopo la unga mweupe alilolinunua dukani siku iliyotangulia. Aliambiwa: hii ni probiotiki, inaua vimelea.

Haiui. Neno hilo moja ndilo linalowapotezea wafugaji wetu fedha, na baya zaidi, siku. Probiotiki, yaani vijidudu hai vya manufaa, ina kazi yake, nayo ni kazi ya maana sana, lakini si hiyo. Ili ieleweke, hatuna budi kwanza tuingie ndani ya utumbo wa kuku.

Mgeni mwenye haraka

Vimelea tunavyovizungumza ni koksidia, viumbe vya chembe moja vya ukoo wa Eimeria. Kwa kuku aina zinazojulikana sana ni 7, na kila aina ina mahali pake utumboni. Eimeria acervulina hukaa mwanzo wa utumbo mwembamba, ukimpasua kuku utaona mistari myeupe iliyokaa kama vipandio vya ngazi. Eimeria maxima hukaa katikati, utumbo huvimba na kujaa ute wa rangi ya chungwa. Eimeria tenella hukaa kwenye vile vifuko viwili virefu vilivyopo mwisho wa utumbo mwembamba, na hii ndiyo inayoleta kuhara damu. Damu humtisha kila mtu, kwa hiyo tenella anajulikana. Wale wawili wa mwanzo hawapigi kelele. Wanamwacha kuku hai, anakula, na hakui.

Kuku mwenye maradhi hutoa kwenye kinyesi vijiyai visivyoonekana kwa macho, vinaitwa oosisti. Vikitoka huwa bado havijawa na madhara. Vinahitaji joto, unyevunyevu na hewa kwa siku 1 au 2 hivi, ndipo viive. Kwa visiwa vyetu vyenye fukuto mwaka mzima, hayo matatu hayatafutwi. Oosisti ikishaiva huwa na chembe 8 ndani yake. Kifaranga huidonoa, firigisi inalivunja ganda lake, nyongo na maji ya kongosho yanazifungua chembe, na kila moja inajichimbia ndani ya seli ya ukuta wa utumbo. Humo huzaliana mpaka seli inapasuka, zinazotoka zinavamia seli nyengine, na baada ya siku 4 hadi 7 kifaranga aliyedonoa oosisti moja anaanza kutoa maelfu.

Ukuta wa ndani wa utumbo si laini kama mpira wa maji. Umeota vijidole vidogo vidogo, vimesongamana kama nyuzi za zulia, na kwenye vijidole hivyo ndiko chakula kinakoingilia mwilini. Seli zikipasuka, vijidole hufupika na kuungana. Protini inapita. Mafuta yanapita. Hata ile rangi ya manjano ya mahindi, ambayo ndiyo inayopaka miguu ya kuku, inapita bila kufyonzwa. Ndiyo maana mimi nikiingia banda la mtu huanza kutazama miguu.

Tuiweke kwa kilo, kwa hesabu ya mfano. Kuku 100 wa kilo 2 kila mmoja ni kilo 200. Utumbo ukiwa mzima, tuseme kila kilo ya uzito inachukua kilo 1.6 za chakula: watamaliza kilo 320. Utumbo ukichubuka kidogo tu, kila kilo ikadai kilo 1.9, watamaliza kilo 380. Hizo kilo 60 za zaidi ni mfuko mzima wa kilo 50 na ziada yake, umenunuliwa, umevushwa bahari, umebebwa kwa gari mpaka Konde, ukaishia kwenye kumvi.

Kwa nini hatuwezi kuvimaliza

Mtu anaweza kuuliza, si vimalizwe tu? Unguja iliwahi kufanya hivyo kwa kimelea chengine. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 ndege zilirusha juu ya kisiwa mamilioni ya mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi. Majike wakapandwa bila kuzaa, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Nagana, maradhi ya ng'ombe yanayoletwa na kimelea kinachobebwa na mbung'o, ikakosa wa kuibeba. Mimi hujivunia habari hii kila nikiisimulia.

Lakini koksidia haingoji mdudu wa kuibeba. Kila kuku ni kiwanda chake, na oosisti hukaa ardhini miezi mingi ikiwa kuna unyevu na kivuli. Klorini ya kawaida haiidhuru. Hupanda kwenye viatu, kwenye ndoo, kwenye miguu ya mtu aliyekwenda kumsalimia jirani. Halafu kuna jambo jengine lililo gumu zaidi: kuku anahitaji kukutana nayo kidogo. Akidonoa oosisti chache chache, mwili wake hujifunza, na kinga anayoipata humlinda vizuri, ingawa kinga ya aina moja haimlindi na aina nyengine. Chanjo za koksidia zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1952 zilitumia njia hiyohiyo, yaani vimelea hai kwa kipimo kidogo.

Basi suala linakuwa hili: kifaranga avuke vipi hizo wiki za kujifunza bila utumbo wake kuharibika hata asikue tena? Hapo ndipo probiotiki inapoingia.

Waliotangulia barazani

Mwaka 2001 wataalamu waliokutanishwa na mashirika ya FAO na WHO walikubaliana maana yake: probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha kiafya yule anayepewa. Kwa kuku, wanaotumika sana ni bakteria wa asidi ya maziwa kama Lactobacillus, Pediococcus na Enterococcus faecium, bakteria wanaotengeneza spora (umbo gumu la kujihifadhi) kama Bacillus subtilis, na chachu Saccharomyces cerevisiae, ambayo kila jiko la Pemba linaijua kwa jina la hamira.

Wazo lenyewe kwa upande wa kuku lilipata nguvu Finland. Mashamba ya huko yalikumbwa na Salmonella, bakteria wa maradhi ya tumbo, na mwaka 1973 watafiti Nurmi na Rantala walitoa matokeo ya jambo ambalo lingemfanya mtu akunje pua. Walichukua vilivyomo ndani ya matumbo ya majogoo wazima wenye afya, wakawapa vifaranga wachanga. Vifaranga hao wakawa wagumu kushikwa na Salmonella.

Fikiri kifaranga wa kienyeji anavyokua. Anaanguliwa chini ya mama yake, saa chache baadaye anadonoa pale mama alipodonoa na pale alipokunya. Anarithi bakteria wa mama kabla hajamaliza siku yake ya mwanzo. Kifaranga wa mashine hana mama. Ameanguliwa kwenye trei safi, ametiwa kwenye boksi, amevuka bahari kutoka Dar es Salaam, na anafika Mkoani au Wete utumbo wake ukiwa karibu mtupu, unamsubiri yeyote atakayetangulia. Ni kama baraza ya nyumba wakati wa alasiri: waliotangulia ndio waliokaa, anayekuja nyuma anasimama au anaondoka. Probiotiki ni kuwawahisha watu wa heri barazani.

Ila koksidia haikai barazani, inaingia ndani ya seli. Kwa hiyo bakteria wema wanaizuia vipi? Jawabu lake lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo iliyonibadilisha mawazo mimi mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ni ya moja kwa moja, na bado inachunguzwa. Bakteria wema huichokonoa kinga ya utumbo ikawa macho, askari wa mwili wakamfikia mvamizi mapema. Huko maabara, baadhi ya bakteria wa asidi ya maziwa wameonekana kupunguza uwezo wa Eimeria tenella kuingia ndani ya seli zilizooteshwa kwenye chupa. Chupa si kuku, lakini ni dalili.

Sehemu ya pili ni hii. Watafiti wa miaka ya 1970 waliwalea vifaranga ndani ya vyumba visivyo na bakteria hata mmoja, kisha wakawapa Eimeria tenella. Vifaranga wale waliugua kidogo kuliko wenzao wa kawaida. Kimelea kilekile, lakini madhara madogo. Maana yake, sehemu kubwa ya tunachokiita maradhi ya koksidia haifanywi na koksidia peke yake. Inafanywa na bakteria wabaya wanaoingia kupitia vidonda ambavyo koksidia imevifungua. Mkubwa wao ni Clostridium perfringens. Huyu huishi utumboni kimya, lakini ukuta ukipasuka, protini za damu zikavuja na ute ukazidi, kwake hiyo ni karamu. Huzaliana na kutoa sumu, na ukuta uliochubuka sasa unaoza.

Hapo bakteria wema wanafanya kazi isiyohitaji kuua kimelea. Wanatoa asidi ambayo Clostridium na Salmonella hawaipendi. Wanakamata nafasi na chakula. Asidi wanayoitoa hugeuzwa na bakteria wengine kuwa butireti, ambayo ni chakula cha seli za utumbo zenyewe, na seli zilizoshiba hujenga upya vijidole haraka. Koksidia imepita, imebomoa, lakini fundi yupo na udongo upo.

Majaribio yanasema nini

Majaribio mengi ya jambo hili huwa na sura moja. Kundi moja la kuku halipewi vimelea. La pili linapewa vimelea bila msaada wowote. La tatu vimelea pamoja na probiotiki, la nne vimelea pamoja na dawa. Kisha kuku wanapimwa uzito, oosisti zinahesabiwa kwenye kinyesi, wengine wanapasuliwa vidonda vikaguliwe.

Matokeo yanayojirudia ni kwamba kundi la probiotiki hukaa katikati. Hukua kuliko waliougua bila msaada, mara nyingi halifikii wale ambao hawakuugua kabisa. Oosisti hupungua katika baadhi ya majaribio, katika mengine hazipungui ila uzito unapanda vilevile. Yapo pia majaribio ambayo probiotiki haikuonyesha tofauti yoyote, na mfanyabiashara hatakutajia hayo. Mimi sioni kwamba yanapingana. Probiotiki si kitu kimoja. Aina ya bakteria, idadi yake, siku aliyoanza kupewa kifaranga, na wingi wa vimelea alivyokutana navyo, kila kimoja kinaweza kuyageuza matokeo. Banda lenye maji chini litaishinda probiotiki yoyote.

Kopo lenyewe

Nililishusha lile kopo la shangazi dirishani. Lilikuwa la moto. Jua la mchana lilikuwa limelipiga, na ndani yake, kwa mujibu wa karatasi, mlikuwa na Lactobacillus.

Nikamkumbusha mkate wa kumimina. Unakoroga unga wa mchele na hamira, unauacha uumuke, unauona unavyopanda kwa sababu hamira ni kiumbe hai kinachopumua. Ukishaiva kwenye moto, hamira imekufa, na mkate ule huwezi kuumulia mkate mwengine. Lactobacillus naye ni hivyo. Joto kali linamuua, na kopo likikaa chini ya bati wiki kadhaa, anachouziwa mtu ni unga tu. Spora za Bacillus ni wavumilivu zaidi: zinastahimili joto la dukani na hata joto la mashine ya kutengenezea chakula cha punje, na zinaamka zikifika utumboni. Kwa mazingira yetu, mtu asiye na friji ya kutegemewa, mimi humshauri atafute yenye Bacillus.

Kopo zuri linataja jina kamili la kijidudu, idadi ya walio hai kwa kila gramu, namna ya kuhifadhi na tarehe ya mwisho. Likisema tu "bakteria rafiki", liache.

Namna ya kutoa nayo ina mambo yake. Ianze siku ya kwanza, kifaranga anapotolewa kwenye boksi, kabla hajaanza kudonoa kinyesi cha wenzake. Itolewe mfululizo au kwa kurudiwarudiwa, kwani utumbo wa kuku hupitisha chakula kwa saa chache na bakteria wengi wa kopo hawaweki makao ya kudumu. Maji ya bomba yenye klorini yatawaua hao hao unaowanunua. Yawekwe kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha kwanza, au tumia ya kisima kilicho safi. Changanya kinachotosha kunywewa kwa saa chache, umwage kilichobaki.

Na ikiwa damu imeshatoka, kuku wamejikunyata na mbawa zimelala, hapo weka kopo pembeni umwite daktari wa mifugo. Kinachotakiwa saa hiyo ni dawa ya koksidia kwenye maji. Amproliamu, inayotumika sana, inajifanya vitamini B1 mbele ya kimelea, kimelea kinaimeza kikakosa vitamini yenyewe. Kwa sababu hiyo ukichanganya na unga wa vitamini wenye B1 kwa wingi, kama wengi wanavyofanya kwa huruma, unakipa kimelea chakula chake. Amproliamu haiwagusi bakteria, kwa hiyo probiotiki inaweza kwenda nayo. Dawa za salfa ni habari nyengine, maana zinaua na bakteria pia. Maliza dozi ya salfa, uhesabu siku za kungojea kabla ya kuchinja kama karatasi inavyosema, ndipo uwarudishe bakteria wema.

"Na mtindi je?" shangazi akauliza. Ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Miaka ya 1920 huko Marekani, kabla dawa za salfa hazijajulikana kufaa mwaka 1939, wafugaji walishauriwa kuwapa vifaranga wenye koksidia chakula chenye unga mwingi wa maziwa. Tatizo ni kwamba kuku si ndama. Hana uwezo wa kutosha wa kuivunja sukari ya maziwa, na ikizidi inamharisha, na kinyesi cha majimaji ndicho kinacholowesha kumvi. Kijiko cha mtindi kwenye pumba kwa kuku wachache wa uani hakitawadhuru. Kwa vifaranga 100, bakteria wa mtindi hawajulikani idadi wala hawakuchaguliwa kwa ajili ya utumbo wa kuku wenye joto la nyuzi 41, na mimi singeutegemea.

Kwa wenye kuku wa kienyeji, neno moja tu. Kuku wanaojitafutia huwa na koksidia lakini pia huwa na minyoo, na probiotiki haitoi minyoo. Dawa ya minyoo ni dawa ya minyoo.

Kumvi

Sikumaliza pale bila kushika koleo. Tuliondoa bumba lote lililolowa chini ya vyombo vya maji, tukatia kumvi mpya, kavu. Vyombo tukavitundika mpaka usawa wa mgongo wa kuku, ili wasichezee maji na wasikunye ndani. Tukafungua upande mmoja wa banda upepo wa kusi upite. Kumbuka oosisti inataka siku 1 au 2 za unyevu ili iive: kumvi zikiwa kavu na zikigeuzwa kila asubuhi, nyingi hazifiki. Kundi likishatoka, sakafu ya saruji inasuguliwa kwa maji yanayochemka, maana moto ndio unaoiweza oosisti. Chokaa inayonyunyizwa baadaye inasaidia kukausha, lakini isichukue nafasi ya maji ya moto.

Kundi lile alilivusha kwa dawa, na waliodumaa hawakufikia wenzao. Vijidole vilivyopotea wiki ya nne havilipwi kabla ya wiki ya sita.

Kundi jipya liliingia baada ya masika. Banda amelikata katikati kwa wavu, vifaranga 50 kila upande, chakula kimoja, kumvi za gunia moja, vyombo vya aina moja. Upande wa mlangoni wanapata probiotiki yenye spora tangu siku ya kwanza, upande wa ndani hawapati. Nilimwambia anawe miguu akitoka upande mmoja kwenda mwengine, naye ameweka ndoo mbili na ndara mbili. Kila Ijumaa, akitoka kupika, hukamata vifaranga 10 kila upande bila kuchagua, huwapima na kuandika kwenye daftari la skuli la mjukuu wake. Juzi walitimia siku 9. Mizani imetundikwa kwenye boriti, na kumvi, nilizishika mwenyewe, zinapukutika mkononi.